MJUMBE WA BARAZA LA CHUO SI TARISHI
Somo kwa watumishi wa umma na wananchi juu ya namna chuo kikuu cha umma kinavyoongozwa

UTANGULIZI

Neno "baraza" halihitaji kufasiriwa kwa mtu aliyezaliwa katika visiwa hivi. Ni pale nje ya nyumba, juu ya kikalio cha mawe, ambapo watu hukutana baada ya sala ya alasiri wakanywa kahawa na kuzungumza mambo ya dunia. Mazungumzo ya hapo hayana ajenda wala kumbukumbu, na aliyesema neno asubuhi anaweza kulikana jioni. Baraza la chuo kikuu ni jambo jingine. Linaloamuliwa humo huandikwa na kutiwa saini, na kwa uamuzi huo mtu huajiriwa au huachishwa kazi, fedha hukopwa, ardhi huuzwa na ada hupandishwa.

Makala hii imekusudiwa kueleza kazi za Baraza la chuo kikuu cha umma, na mipaka ya kazi hizo. Zipo sababu mbili za kuiandika. Ya kwanza ni kwamba watumishi wengi wa Serikali huteuliwa kuingia katika mabaraza na bodi za namna hii, na baadhi yao huingia bila ya kuelezwa walichoitiwa. Ya pili ni kwamba wazazi na wanafunzi wenye malalamiko aghalabu hawajui wende kwa nani. Mwenye shida ya mtihani humfuata mjumbe wa Baraza nyumbani kwake, na mwenye habari ya fedha za umma kupotea hunyamaza kwa kudhani kuwa hayamhusu.

Fundisho kuu la somo hili linatokana na neno "mjumbe" lenyewe. Katika lugha yetu neno hilo lina maana mbili. Mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka habari, na huyo kazi yake ni kufikisha alichopewa bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mjumbe pia ni mtu mwenye kiti na sauti katika kikao cha maamuzi. Wengi wetu tunapoteuliwa huichukua maana ya kwanza tukaiingiza mahali pa ile ya pili, na hapo ndipo mabaraza yanapoharibika.

CHUO CHETU NA SHERIA ILIYOKIUNDA

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa jina la SUZA, kiliundwa kwa Sheria Nam. 8 ya mwaka 1999 iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, na kikaanza kufanya kazi mwaka 2001. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1979, iliingizwa ndani yake. Baadaye sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho, na kuanzia mwaka 2016 vyuo vyengine vya Serikali vilivyokuwa vikijitegemea vikaunganishwa nacho, vikiwemo Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka, Chuo cha Uandishi wa Habari cha Kilimani na Chuo cha Maendeleo ya Utalii cha Maruhubi. Makao makuu yake yapo Tunguu, na Pemba ina kampasi yake huko Mchangamdogo.

Mambo haya yanatajwa kwa sababu moja. Chuo kikuu cha umma si idara ya Wizara. Idara huongozwa kwa amri inayoshuka kutoka kwa Waziri hadi kwa Katibu Mkuu hadi kwa Mkurugenzi. Chuo kikuu kimepewa na sheria nafsi yake yenyewe: kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Na kwa kuwa nafsi hiyo haina macho wala mikono, hapana budi pawepo watu wa kuiamulia. Watu hao ndio Baraza.

Aidha, elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hivyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu Nam. 7 ya mwaka 2005, husimamia ithibati na viwango vya vyuo vikuu vya pande zote mbili. Baraza la chuo cha hapa, basi, lina mabwana wawili wa kuwajibika kwao katika sheria, na bwana wa tatu ambaye ni mwananchi mlipa kodi na mlipa ada.

MFUMO HUU UMETOKA WAPI

Mfumo wa chuo kikuu kuwa na Baraza la watu wa nje kwa upande mmoja na Seneti ya walimu kwa upande wa pili haukubuniwa Afrika ya Mashariki. Ulikua katika miji ya viwanda ya Uingereza katika karne ya 19. Vyuo vikuu vya kale vya Oxford na Cambridge vilijitawala vyenyewe kupitia kwa wanazuoni wake. Lakini wafanyabiashara na madiwani wa miji mipya waliotoa fedha zao kujenga vyuo walitaka kujua zinavyotumika. Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichopata hati yake ya kifalme mwaka 1900, ni mfano mashuhuri wa mpango huo: fedha, majengo na ajira vikawa chini ya Baraza, na mafunzo, mitihani na shahada vikawa chini ya Seneti.

Baada ya Tume ya Asquith kutoa ripoti yake mwaka 1945, vyuo vikuu vishiriki vilianzishwa katika makoloni chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na vikaurithi mpango huo. Makerere iliingia katika ulezi huo mwaka 1949, na Dar es Salaam mwaka 1961. Mwaka 1963 pakawa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kilipovunjika mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Baraza na Seneti vikabaki. Chuo chetu kilipoundwa mwaka 1999 kilifuata njia hiyo hiyo.

Msomaji aikumbuke historia hii, kwa sababu hapo mbele tutataja yaliyotokea katika chuo kimoja cha Uskochi, nacho ni cha kalibu hiyo hiyo.

NANI ANAFANYA NINI

Watu wengi huchanganya vyeo vya chuo kikuu. Ufafanuzi wake ni huu:

(a) Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima wa chuo chote. Yeye ndiye anayetunuku shahada katika mahafali. Si yeye anayeendesha kazi za kila siku, ingawa jina la cheo chake huwafanya wengi wadhani hivyo.

(b) Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji mkuu. Huyu ndiye anayefika ofisini kila asubuhi, akasimamia walimu, watumishi, fedha na nidhamu. Husaidiwa na manaibu wake, na Mrajis au ofisa mwenye kazi kama zake.

(c) Seneti ni chombo cha taaluma. Huamua nini kifundishwe, nani amefaulu na nani anastahiki shahada.

(d) Baraza ni chombo cha juu cha utawala. Hupitisha mpango wa miaka na bajeti, husimamia mali, huweka kanuni za ajira, na humtaka Makamu Mkuu wa Chuo atoe maelezo ya aliyoyafanya. Wajumbe wake hutoka pande mbalimbali kwa mujibu wa sheria: Serikalini, kwa walimu wenyewe, kwa wanafunzi, na kwa watu wa nje wenye ujuzi wa fedha, sheria au kazi nyengine.

Mpaka baina ya Baraza na Makamu Mkuu wa Chuo unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Baraza huamua chombo kiende wapi, likaangalia kama kina maji na chakula cha kutosha safari, na kama nahodha ni mtu wa kuaminiwa. Halishiki usukani. Mwenyekiti wa Baraza anayepiga simu kila siku kuuliza dereva gani apewe gari gani amevuka mpaka. Na Baraza ambalo kwa mwaka mzima halijauliza chuo kina fedha kiasi gani benki nalo limevuka mpaka kwa upande wa pili, kwa kuacha kazi lililopewa.

KIKAO CHA BARAZA

Baraza huamua likiwa kikaoni tu. Mwenyekiti peke yake si Baraza, na wajumbe watatu waliokutana harusini si Baraza. Ili kikao kiwe halali, mambo yafuatayo yatimizwe.

Kwanza, taarifa na makabrasha. Mjumbe apewe waraka wa kila ajenda mapema, apate muda wa kuusoma. Kabrasha la kurasa mia mbili linalogaiwa mlangoni asubuhi ya kikao ni sawa na kutogaiwa. Mjumbe anayo haki ya kusema, "Jambo hili sikuwahi kulisoma, naomba liakhirishwe." Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Pili, akidi. Sheria na kanuni hutaja idadi ya wajumbe ambayo ikikosekana kikao hakiwi kikao. Katibu aihesabu akidi mwanzoni, na aihesabu tena pale wajumbe wanapoanza kutoka kwenda kuswali au kuwahi boti.

Tatu, yatokanayo. Hapa Baraza huuliza: tuliyoyaagiza kikao kilichopita yametekelezwa? Baadhi ya vikao huipita sehemu hii kwa haraka ili kuyafikia mambo mapya. Hilo ni kosa. Agizo lisilofuatiliwa mara tatu huwafundisha watendaji kwamba maagizo ya Baraza hayana uzito.

Nne, mengineyo. Sehemu hii imewekwa kwa ajili ya mambo madogo na matangazo. Jambo zito la fedha au la ajira lisiletwe hapo, wakati wajumbe wamechoka na chakula kimeshaandaliwa. Mwenyekiti makini hulikataa na kuagiza lije na waraka wake kikao kijacho.

Tano, kumbukumbu. Ziandikwe kwa namna ambayo msomaji wa miaka kumi baadaye atajua nini kiliamuliwa, kwa sababu gani, na nani apewe kazi hiyo hadi lini. Mjumbe asiyekubaliana na uamuzi anaweza kuomba kutokubali kwake kuandikwe. Kikao kikimalizika, huufuata na kuuheshimu uamuzi wa wengi, wala hayatoi nje maneno ya wenzake.

KAMATI ZA BARAZA

Baraza hukutana mara chache kwa mwaka, na mambo ni mengi. Kwa hivyo huunda kamati: ya fedha na mipango, ya ajira na nidhamu, na ya ukaguzi. Kamati huchambua na kupendekeza, na uamuzi hubaki kuwa wa Baraza, isipokuwa pale kanuni zilipoipa kamati mamlaka ya jambo maalumu.

Kamati ya ukaguzi inahitaji uangalizi wa peke yake. Haifai iongozwe na mtu yule yule anayeongoza kamati ya fedha, kwa sababu hakuna ajikaguaye mwenyewe akapata kosa. Mkaguzi wa ndani wa chuo awe na njia ya kuonana na kamati hii bila ya kupitia kwa wale anaowakagua. Nayo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali isomwe mbele ya Baraza hoja kwa hoja, na kila hoja iwe na jina la wa kuijibu na tarehe ya kujibiwa.

MFANO WA KUFIKIRIKA: DAHALIA

Ili somo lifahamike, tuchukue mfano. Chuo hiki hakipo na takwimu ni za kubuni, lakini mambo ya namna hii hutokea.

Uongozi wa chuo unaleta waraka wa kujenga dahalia ya wanafunzi 400. Gharama ni shilingi bilioni 3, zitakazokopwa benki kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Waraka unaeleza, na ni kweli, kwamba wanafunzi wanateseka kwa kupanga vyumba mbali, na kwamba wasichana hurudi usiku kwa daladala katika njia zisizo na taa. Picha ya jengo imeambatanishwa, nayo inapendeza. Wajumbe wanasifu. Mmoja anasema mradi upitishwe leo ili jengo liwahi kuwekewa jiwe la msingi katika shamrashamra za Mapinduzi za mwezi wa Januari.

Mjumbe mmoja ananyanyua mkono na kuuliza: "Kitanda kimoja kitalipiwa kiasi gani kwa mwaka?" Anajibiwa: shilingi 300,000. Anachukua kalamu. Vitanda 400 kwa shilingi 300,000 ni shilingi milioni 120 kwa mwaka, ikiwa hakuna kitanda hata kimoja kitakachokaa kitupu. Riba ya bilioni 3 kwa asilimia 10 ni shilingi milioni 300 kwa mwaka wa kwanza. Pato lote la dahalia halifikii nusu ya riba, na deni lenyewe halijaguswa, wala umeme, maji na mishahara ya walinzi. Ili kulipa riba tu, kila mwanafunzi atozwe shilingi 750,000, na mtoto wa mkulima wa karafuu hataweza. Asipotozwa yeye, fedha zitatoka pengine: katika maabara, katika vitabu, au katika mishahara ya walimu wa mkataba.

Swali lilikuwa la maneno machache, na hesabu yake ni ya darasa la sita. Aliyeuliza hakuupinga mradi wala hakumdharau Makamu Mkuu wa Chuo. Baraza liliurejesha waraka na kuagiza utafutiwe njia nyengine: ruzuku ya maendeleo ya Serikali, ujenzi kwa awamu, au mkopo wa masharti nafuu. Mahitaji ya wanafunzi yalibaki kuwa ya kweli, na ndiyo maana hayakustahiki kujengewa juu ya deni litakalokiangusha chuo chao.

Na tufikirie lingetokea nini kama mkono ule usingenyanyuka. Hakuna aliyekusudia ubaya humo. Uongozi ulitaka kuwasaidia wanafunzi, wajumbe walitaka kuwa na adabu, na Katibu angeandika, "Baraza liliridhia kwa kauli moja." Makosa makubwa ya mabaraza aghalabu huandikwa kwa maneno hayo mazuri.

MJUMBE NA ALIYEMTEUA

Sasa turudi katika neno letu. Yule aliyetaka mradi upitishwe kabla ya Januari huenda alikuwa mtumishi wa Serikali, na huenda alitoka ofisini kwake akiwa ameambiwa, "Hakikisha jambo lile linapita." Afanyeje?

Jawabu ni kwamba mtu anaweza kuteuliwa na Wizara, na walimu au na wanafunzi, lakini akishakaa katika kiti cha Baraza wajibu wake ni kwa chuo. Aliyemteua alimchagua kwa ujuzi wake na kwa kuwa anaujua upande anaotoka, na ni haki kwake kuueleza mtazamo wa upande huo kwa ukamilifu. Ofisa wa Wizara anayohusika na fedha ana wajibu wa kuliambia Baraza kwamba ruzuku ya mwaka huu haitaongezeka. Mjumbe wa wanafunzi ana wajibu wa kusema ada mpya itawaondoa masomoni wangapi. Lakini ikifika saa ya kuamua, kila mmoja ajiulize lililo bora kwa chuo, si lililo jepesi kuripoti kwa aliyemtuma.

Tarishi akipeleka barua yenye kosa halaumiwi, kwani hakuifungua. Mjumbe wa Baraza ameifungua, ameisoma na ameipigia kura. Hawezi kuja baadaye akasema, "Mimi niliagizwa tu." Mali ya chuo ni amana mikononi mwake, na sisi tuliolelewa vyuoni kabla ya kuingia skuli tunajua tangu utotoni kwamba amana haina udhuru wa namna hiyo.

Kama Serikali inataka chuo kifuate sera fulani, ipo njia ya wazi ya kufanya hivyo: kwa sheria, kwa maelekezo ya maandishi ya mwenye mamlaka, na kwa bajeti inayojadiliwa katika Baraza la Wawakilishi. Agizo la mdomo lililonong'onwa kwa mjumbe mmoja halina nafasi katika mpango huo, na linamdhuru hata aliyelitoa, kwani mambo yakiharibika hapana karatasi ya kuonesha nani aliamua.

MASLAHI BINAFSI

Visiwa vyetu ni vidogo, na sote tunajuana. Mjumbe atakuta mzabuni ni shemegi yake, au mwombaji wa kazi ni mtoto wa jirani aliyemlea. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kunyamaza. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Nam. 4 ya mwaka 2015 inawataka viongozi wa umma kujiepusha na mgongano wa maslahi, na utaratibu mzuri wa kikao ni huu: mjumbe atamke uhusiano wake kabla ya jambo kujadiliwa, atamko lake liandikwe, kisha atoke nje mpaka uamuzi upatikane. Atokaye hupoteza dakika ishirini akabakiwa na jina jema.

YALIYOTOKEA DUNDEE

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matatizo ya vyuo vichanga na nchi changa. Sivyo. Chuo Kikuu cha Dundee huko Uskochi kilipata hati yake mwaka 1967 kilipotengana na Chuo Kikuu cha St Andrews, na kina sifa kubwa katika sayansi ya viumbe. Kina chombo cha juu cha utawala kinacholingana na Baraza letu, na kamati zake zote.

Mwezi wa Novemba 2024 ilitangazwa kwamba chuo hicho kina nakisi ya kiasi cha pauni milioni 30, na baadaye ikaonekana kuwa inafika milioni 35. Mwezi uliofuata mtendaji wake mkuu alijiuzulu. Mwezi wa Machi 2025 uongozi ulitangaza mpango wa kupunguza nafasi za kazi 632. Serikali ya Uskochi ikalazimika kutafuta fedha za umma za kukinusuru.

Uchunguzi huru ulioongozwa na Profesa Pamela Gillies ulitoa ripoti yake mwezi wa Juni 2025. Wanafunzi wa kigeni walikuwa wamepungua, lakini hilo liliwapata wengi na halikutosha kuwa sababu. Ripoti ilionesha maamuzi dhaifu ya fedha, taarifa zisizotosheleza zilizopelekwa kwa wajumbe, ufuatiliaji hafifu, na namna ya uongozi ambayo haikuwapa watu nafasi ya kuhoji. Wajumbe walikuwepo, vikao vilifanyika na kumbukumbu ziliandikwa. Kilichokosekana ni swali lililoulizwa kwa wakati na kusisitizwa mpaka likajibiwa. Na waliolipa gharama ya ukimya huo ni watumishi ambao hawakuwamo katika chumba cha kikao.

MWANANCHI NA BARAZA

Mwananchi anahusika vipi? Tueleze kwa hali mbili.

Mzazi ambaye mtoto wake hakuridhika na alama za mtihani asimwendee mjumbe wa Baraza. Mjumbe hana mamlaka ya kubadilisha alama, na akijaribu atakuwa amekiharibia chuo thamani ya shahada zote, ikiwemo ya mtoto huyo. Njia ni kwa mwanafunzi mwenyewe kuandika rufaa katika muda uliowekwa, kupitia idara na skuli yake ndani ya chuo, hadi Seneti.

Lakini mwananchi mwenye taarifa ya mali ya chuo kutumika vibaya, ya zabuni iliyopotoshwa au ya ajira iliyouzwa, hilo ni jambo la Baraza. Aandike kwa Mwenyekiti kupitia kwa Katibu wa Baraza, ataje tarehe na mambo aliyoyaona kwa macho yake, na abakishe nakala. Ikiwa ni rushwa, ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi ya Zanzibar. Na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinazowasilishwa katika Baraza la Wawakilishi, wananchi wazifuatilie, waone kama hoja za mwaka jana zimejibiwa mwaka huu.

HITIMISHO

Chuo kikuu ni mali ambayo kizazi kimoja hukijengea kizazi kingine. Wanaoteuliwa kukisimamia hukaa miaka michache wakaondoka, na cheti cha mwanafunzi hubaki ukutani umri mzima. Thamani ya cheti hicho inalindwa na watu wachache wanaokaa kuzunguka meza mara kadhaa kwa mwaka. Hatuwataki wawe mabingwa wa kila fani. Tunawataka wasome makabrasha yao, watamke maslahi yao, wanyanyue mkono pale hesabu isipokaa sawa, na wakumbuke kwamba walipewa viti vyao ili waamue.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti baina ya kazi za Baraza na kazi za Seneti. Toa mfano mmoja kwa kila chombo.

2. Kwa nini si vyema jambo la kununua ardhi kuletwa katika sehemu ya "mengineyo"?

3. Umeteuliwa na ofisi yako kuwa mjumbe wa Baraza. Mkuu wako wa kazi anakwambia uhakikishe jambo fulani linapita, nawe umesoma waraka ukaona lina hasara kwa chuo. Utamwambia nini mkuu wako kabla ya kikao, na utasema nini ndani ya kikao?

4. Katika mfano wa dahalia, tuseme mkopo ni wa riba ya asilimia 4 na ada ya kitanda ni ile ile. Je, pato la dahalia litatosha kulipa riba ya mwaka wa kwanza? Baada ya kupata jawabu, taja gharama nyengine mbili ambazo bado hazijalipwa, kisha useme kama wewe ungeuridhia mradi huo.